Niliiomba akili unde initafutie mbia wa mawese, ikaniletea wakamuaji wenzangu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Ujiji, Kigoma. Tuko kikundi cha wanawake tunaokamua mawese, na yale yanayobaki bila mteja tunapikia sabuni. Kwa miaka yote tumekuwa tukiuza kwa madalali wanaotufuata hapa hapa, na bei wanapanga wao. Mwanangu aliniwekea programu ya akili unde kwenye simu, nikaiandikia: "Sisi ni kikundi cha wakamuaji wa mawese Kigoma, tutafutie mbia." Ikanipa majina kumi. Matano ni wakamuaji kama sisi. Mawili namba zao hazipatikani. Moja nimeuliza kila mahali, hakuna anayelijua. Yaliyobaki ni makampuni makubwa ambayo sidhani kama yatapokea simu yangu. Sasa kuna kampuni inasema ina mfumo wa akili unde wa kuunganisha wafanyabiashara, ila tulipe kiingilio na tuwape orodha ya wateja wetu. Tulipe? Au haya mambo si ya watu wa huku kwetu?

JIBU: Marahaba, dada. Kiingilio msilipe kwa sasa, orodha ya wateja msiitoe kabisa, na haya mambo ni ya watu wa huko kwenu pia. Majina uliyopewa yana maelezo yake, na ukiyaelewa utaweza kuiuliza tena programu hiyo hiyo uliyonayo na kupata majibu ya maana bila kumlipa mtu.

Utafutaji wa zamani wa kwenye mtandao ulikuwa unalinganisha maneno. Ukiandika "mawese", unaletewa kurasa zenye neno "mawese". Mwaka 2013 watafiti wa Google, akiwemo Tomas Mikolov, walionyesha namna nzuri ya kuligeuza kila neno kuwa mfululizo wa namba, kiasi kwamba maneno yenye maana za karibu yanapata namba za karibu. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni hiyo hiyo wakaja na muundo mpya wa kompyuta unaosoma sentensi nzima na kupima kila neno kwa kutazama mengine yanayolizunguka. Programu nyingi za akili unde tunazotumia leo zimejengwa juu ya muundo huo. Faida yake kwako ni kubwa kuliko unavyodhani. Mwenye kiwanda cha sabuni Mwanza anaweza kuwa ameandika kwamba anahitaji mafuta ya mimea kwa ajili ya sabuni za kufulia, asitaje mawese hata mara moja, na bado mashine ikamleta kwako kwa sababu maana inakaribiana. Mfanyabiashara wa Bujumbura aliyeandika kwa Kifaransa naye anaweza kuonekana kwenye utafutaji wako wa Kiswahili.

Lakini mashine inapima kufanana, na mbia unayemtafuta hafanani na wewe. Una mafuta, yeye hana. Yeye ana chupa, lebo, gari au duka mjini, vitu ambavyo wewe huna. Ulipoandika "sisi ni kikundi cha wakamuaji wa mawese Kigoma", ulijieleza mwenyewe, na mashine ikaenda kutafuta maandishi yanayokaribia hayo maelezo. Nani mwingine anajieleza hivyo? Mkamuaji mwenzako. Kwa hiyo yale majina matano yalifuata maneno yako kwa uaminifu kabisa.

Dawa yake ni kugeuza upande wa maneno. Andika tangazo ambalo yule unayemtaka angeliandika yeye mwenyewe, halafu uiambie mashine imtafute mtu wa namna hiyo. Mwaka 2022 watafiti wa utafutaji walieleza mbinu ya aina hii: mashine inatunga kwanza maandishi ya jibu linalotarajiwa, kisha inatafuta maandishi halisi yanayokaribiana nayo. Wewe unaweza kufanya hivyo kwa mkono. Jaribu kuandika hivi, ukibadilisha mahali panapohitajika:

"Tafuta kwenye mtandao kampuni au wajasiriamali wa Tanzania wanaofungasha mafuta ya kula kwenye chupa na madumu, au wanaotengeneza sabuni, ambao wananunua mawese ghafi kutoka kwa wazalishaji wadogo. Usiniletee wakamuaji wa mawese. Wawe Tabora, Shinyanga, Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Kwa kila jina nipe anwani ya ukurasa ulikolipata, tarehe ya ukurasa huo, na sentensi inayoonyesha kwamba wananunua. Kama hujapata ukurasa, usiliandike jina hilo."

Sentensi mbili ni za lazima hapo. Ya kwanza ni ile inayosema nani asiletwe. Ya pili ni ile ya mwisho, na nitaeleza sababu yake mbele kidogo. Ukishapata majibu kwa Kiswahili, iombe itafute upya kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Makampuni mengi ya hapa nchini yanaandika kurasa zao kwa Kiingereza tu, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika biashara rasmi inaandikwa kwa Kifaransa.

Kabla hujaandika lolote, kaeni kikundi mkubaliane mnamtafuta nani hasa. Umeniandikia "mbia", lakini maelezo yako yananionyesha mnahitaji mnunuzi wa uhakika anayelipa vizuri kuliko dalali. Huyo ni tofauti na mwenye mashine anayetaka hisa kwenye kazi yenu, tofauti tena na wakala anayeuza kwa niaba yenu na kukata asilimia yake. Kila mmoja anatafutwa kwa maneno yake. Mkiwachanganya kwenye ombi moja, mashine itawaletea mchanganyiko ambao hautamfaa mtu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo zito zaidi, na halihusu kompyuta hata kidogo. Mnunuzi mkubwa akikupigia, swali lake la pili baada ya bei litakuwa kuhusu asidi. Chikichi likishakatwa na kuchubuka, kimeng'enya kilichomo kwenye nyama ya tunda huanza kuyavunja mafuta na kuyageuza kuwa asidi huru. Kadiri matunda yanavyolala kabla ya kupikwa, ndivyo asidi inavyopanda. Ile desturi ya kuiacha mikungu siku kadhaa ili chikichi ziachie kirahisi inapunguza kazi ya mikono, lakini ndiyo inayowanyang'anya bei. Kuchemsha matunda kunakiua hicho kimeng'enya, kwa hiyo anayechemsha siku ile ile ya mavuno au kesho yake anapata mafuta tofauti kabisa na anayechemsha baada ya wiki. Kwenye biashara ya mawese ghafi, kiwango kinachotajwa sana ni asidi huru isiyozidi asilimia 5. Mwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ya kula atakikazania. Mpika sabuni hatajali sana, kwa sababu mafuta yenye asidi nyingi bado yanatoa sabuni.

Unaona jinsi jambo hili linavyobadilisha utafutaji wako. Kama mawese yenu yana asidi asilimia 4, mnaweza kumtafuta mfungashaji wa mafuta ya kula. Kama yana asilimia 12, kumtafuta mfungashaji ni kupoteza muda wenu na wake, na mnafaa kumtafuta mwenye sabuni huku mkirekebisha namna ya kuvuna. Mashine haiwezi kukwambia asidi ya mafuta yenu. Kipimo chenyewe si kigumu: kinahitaji spiriti, kostiki iliyopimwa na dawa ya kuonyesha rangi, na mwalimu wa kemia wa sekondari mwenye maabara anaweza kuwaonyesha. Kwa karatasi ya kumwonyesha mnunuzi mtahitaji maabara inayotambulika, na ofisi ya SIDO ya mkoa, shirika la viwanda vidogo, inaweza kuwaelekeza namna ya kufika TBS, shirika la viwango. Pimeni pia maji na uchafu. Mafuta yenye maji yanaharibika haraka dumuni, na mnunuzi hataki kulipia maji.

Mkishapata namba hizo, ziingizeni kwenye ombi: aina ya michikichi (kama ni ile ya asili au Tenera, ile chotara inayosambazwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapo hapo Kigoma), asidi, lita kwa mwezi wakati wa mavuno mengi, lita kwa mwezi wakati wa uhaba, vyombo mnavyotumia, na mahali pa kukabidhiana. Msiongeze chumvi kwenye lita. Mnunuzi anapanga chupa, lebo na wateja wake kwa namba uliyompa, na ukipungukiwa mwezi wa pili umempoteza.

Nasisitiza hili kwa sababu kuoanisha watu wa biashara kuna pande mbili. Mwaka 1962 wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, walichapisha utaratibu wa kuoanisha makundi mawili ambayo kila mtu ana chaguo lake, ili kusibaki watu wawili ambao wote wangependa kuachana na wenzao wakachukuane wao kwa wao. Alvin Roth baadaye akautumia kwenye mambo halisi, kama kuwapanga madaktari wapya kwenye hospitali za Marekani. Shapley na Roth wakapata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Mfumo wa namna hiyo unauliza pande zote mbili. Programu iliyo kwenye simu yako inauliza upande mmoja tu, wako. Haijui kama yule mfungashaji wa Dodoma anakutaka, kama ana mkataba na mtu mwingine, au kama ananunua kuanzia tani fulani. Ndiyo maana makampuni makubwa yanajitokeza juu ya orodha: yameandikwa sana mtandaoni, basi. Nikuombe usiyaogope, lakini usianzie hapo. Anza na mfungashaji wa kati ambaye lita zenu zinamtosha kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Huyo atapokea simu.

Mashine pia haina habari na ardhi. Kwa namba zake, Rumonge iko karibu sana nawe: iko kwenye ziwa lile lile na inazungumziwa pamoja na mawese kila mahali. Ni kweli, kwa sababu Rumonge ndiyo kitovu cha mawese cha Burundi, na ng'ambo Kongo nako wanakamua. Kuwapelekea mawese ghafi ni sawa na kupeleka dagaa kuuza Kibirizi, mahali wanapovuliwa. Sabuni, hata hivyo, ni habari nyingine, na huko ningeitafutia sabuni yenu mnunuzi kwa ombi lake la pekee. Burundi iko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo tangu 2022, na mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa ina utaratibu rahisi wa cheti cha asili mpakani. Ulizeni kwenye mpaka wa Manyovu au forodha ya bandarini kama sabuni yenu imo kwenye orodha kabla ya kupakia.

Ukiletewa mnunuzi wa Arusha au Mbeya, kumbuka baridi. Mawese yanaganda kwenye ubaridi na kujitenga, sehemu nzito inakaa chini na nyepesi juu, na mteja asiyeyajua anafikiri yameharibika. Mfungashaji wa huko anatakiwa ajue hilo tangu mazungumzo ya kwanza, na lebo yake iseme. Kuelekea Dar es Salaam, reli ya kati ina zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kigoma, kwa hiyo nauli na muda wa njiani viingie kwenye hesabu kabla ya kuifurahia bei ya Kariakoo.

Nirudi kwenye lile jina lisilojulikana na zile namba zisizopatikana. Programu ya mazungumzo inaandika kwa kukisia neno linalofuata kutokana na maandishi mengi iliyosomeshwa. Isipounganishwa na utafutaji wa mtandaoni, inaweza kukutungia jina linalosikika kama la kampuni na namba inayoonekana kama ya simu, na ikaandika kwa kujiamini kabisa. Haikusudii kukudanganya, na haitofautishi kati ya ilichokisoma mahali na kilichokaa vizuri kwenye sentensi. Ndiyo sababu nimekuwekea ile sentensi ya mwisho kwenye ombi, na ndiyo sababu nakusihi ufungue kila anwani kwa mkono wako. Ukurasa usipofunguka, futa jina. Ukifunguka, chukua namba ya simu kutoka kwenye ukurasa wenyewe, usichukue ile iliyoandikwa na mashine. Halafu ingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, utafute jina la kampuni kama limesajiliwa. Usajili haumfanyi mtu kuwa mwaminifu, lakini asiyesajiliwa anayejiita kampuni amekwisha kukujibu. Kama anauza mafuta yaliyofungashwa, tazama kwenye chupa yake kama kuna nembo ya TBS. Na tafuta mtu mmoja aliyewahi kumuuzia, umpigie umuulize alilipwa lini.

Kuna watu wanajitangaza kama wanunuzi wakubwa, hasa wa nje, kwa sababu wanajua siku hizi wanatafutwa kwa mashine. Wanaandika kurasa nzuri zenye maneno yote ambayo mkulima angetaka kuyasoma. Ishara yao ni moja: kabla hawajaona mafuta wanataka pesa, wakiita ada ya usajili, ya ukaguzi au ya kibali. Mnunuzi wa kweli pesa inatoka kwake kuja kwako. Akikwambia utume kitu kwenye namba hii ili mkataba uanze, kata simu.

Hao wenye mfumo wa kuunganisha wafanyabiashara siwajui na sitawahukumu. Mifumo ya namna hiyo inaweza kusaidia kweli, ikiwa ina wanunuzi ndani yake. Waulize wana wanunuzi wangapi wa mafuta ya kula au wa malighafi ya sabuni walioingia wenyewe, na wakuonyeshe watatu. Waulize majina wameyakusanya vipi, kwa sababu kama wameyatoa mtandaoni, hata wewe unaweza kuyatoa. Waulize kama wako tayari kulipwa baada ya mzigo wa kwanza kuuzwa. Aliye na wanunuzi wa kweli hatashtuka na swali hilo. Ama orodha ya wateja wenu, hiyo ndiyo mali yenu. Mkiiweka kwenye mfumo wao, hamna uwezo wa kumzuia mkamuaji wa jirani asiunganishwe na wateja hao hao. Tena majina na namba za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wateja wenu waliwapa namba ili wanunue sabuni, hawakuruhusu zigawiwe. Hata kwenye programu yako ya simu usiibandike orodha hiyo ukiomba ikuchambulie.

Kuna kazi moja ambayo ningependa muifanye wiki hii. Mashine haiwezi kumwona asiyeandikwa. Biashara nyingi za Kigoma zinaishi kwenye simu na kwenye makundi ya WhatsApp, mahali ambapo utafutaji haufiki, na ndiyo maana mnunuzi wa Dodoma akitafuta mawese kwa akili unde hawaoni ninyi. Fungueni ukurasa wa biashara kwenye ramani ya Google, ni bure. Andikeni humo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yale yale mliyokwisha kupima: mawese ghafi, lita, asidi, Ujiji, Kigoma, na kwamba mnauza kwa jumla kwa wafungashaji na wapika sabuni. Hilo la mwisho mlitaje waziwazi, kwa sababu ndilo linalokutana na maneno ya anayetafuta. Ulizeni TCCIA mkoa, chemba ya wafanyabiashara, kuhusu kujiunga. Na mkipata majina mawili au matatu yaliyopita kwenye mchujo, waambieni mkutane ana kwa ana kwenye Nane Nane ya kanda ya magharibi huko Tabora au Sabasaba Dar es Salaam, mkiwa na chupa ya mafuta mkononi.

Mzigo wa kwanza uwe mdogo, kiasi ambacho kikipotea kikundi hakitavunjika, na ulipwe pale unapokabidhiwa. Kabla ya wa pili andikeni karatasi, hata ya ukurasa mmoja, muipitishe kwa mtu wa sheria. Iseme bei inapangwa kwa kipimo gani cha asidi na inashuka kiasi gani ikizidi, nani anapima na kwa sampuli iliyochukuliwa wapi, hela inalipwa siku ngapi baada ya mzigo kufika, nani anabeba hasara dumu likivuja njiani, na madumu matupu yanarudi Kigoma kwa nauli ya nani.